Runinga, projekta au skrini ya LED? Vifaa vya kuonyeshea AFCON 2027 katika miji midogo ya Uganda

Uwanja mpya wa Hoima una viti 20,000. AFCON 2027 itakuwa na timu 24 na mechi 52, na mechi hizo zimegawanywa kwa nchi tatu: Uganda, Kenya na Tanzania. Piga hesabu upendavyo, mkazi wa Masindi, Arua, Kasese au Bweyale ataziona nyingi akiwa amesimama mbele ya skrini mjini kwake. Hata huko Hoima watakuwepo watu wanaosikia kelele za uwanjani huku macho yao yako kwenye skrini ya nje. Miji midogo kubeba mashindano haya si jambo geni: Kamerun ilipeleka mechi Limbe, Bafoussam na Garoua, na Côte d'Ivoire ikazipeleka Korhogo na San-Pédro. Ila kwa kila mji unaopata uwanja, ipo kumi isiyopata, na hiyo kumi nayo inataka kuona mpira.

Vifaa vinavyokodishwa kwa kazi hiyo ni vya aina tatu: runinga ya inchi 75 au 85, projekta na kitambaa chake, na skrini ya LED inayoungwa vipande vipande. Tumevipima kwa swali moja: mtu aliyesimama nyuma kabisa ataona mpira saa kumi na moja jioni, na ataendelea kuuona umeme ukikatika? Hukumu yetu kwa ufupi ni hii. Kwa watu wasiozidi 80 chini ya paa, runinga inatosha na wala hakuna haja ya kujitesa. Kwa ukumbi wenye giza wa watu 200 au 300, projekta nzuri. Kwa uwanja wa wazi na mechi za mchana, ni LED peke yake, na ndiyo yenye mambo mengi ya kuharibika.

Tuanze na runinga, kwa kuwa haina mengi. Ile ya inchi 85 ina upana wa sentimita 188 na kimo cha sentimita 106. Iweke ukingo wake wa chini ukiwa mita 1.6 kutoka sakafuni, uso umeinama kidogo kuelekea watu. Aliye mita 8 ataona mpira bila shida, wa mita 12 atakuwa anakisia. Inakula wati 200 hadi 300, na hapo ndipo inapozishinda nyingine zote. Betri moja ya volti 12, ampea-saa 200, ina wati-saa 2,400. Ukitumia nusu tu ili usiiue betri ya asidi, unabaki na 1,200, na baada ya kutoa kinacholiwa na inveta, zinapatikana saa tatu na nusu hivi. Hiyo ni mechi nzima pamoja na muda wa nyongeza, penalti na maneno ya wachambuzi. Kibanda chenye betri hiyo hakina haja ya jenereta.

Kosa la kawaida ni kufunga runinga mbili kwa dikoda mbili. Picha moja hutangulia nyingine kwa sehemu ya sekunde, goli linashangiliwa mara mbili, na sauti zinagongana. Tumia dikoda moja na kigawanyaji cha HDMI, na sauti itoke sehemu moja tu.

Projekta ina sifa nzuri kuliko inavyostahili. Chukua projekta ya lumeni 6,000 (kipimo cha mwanga inaoutoa), iliyo kubwa kuliko nyingi zinazopatikana mijini, na kitambaa cha mita 4 kwa 2.25. Eneo ni mita za mraba 9, kwa hiyo mwanga unaofika kitambaani ni kama luksi 660. Sasa linganisha: siku yenye mawingu, nje kuna luksi zipatazo 10,000, na jua likiwaka wazi ni kama 100,000. Hakuna fundi wala pazia litakaloifuta tofauti hiyo. Nje, projekta inaanza kuwa na maana giza likishaingia, na Magharibi mwa Uganda jua huzama karibu na saa moja kamili jioni. Mechi ya saa mbili usiku inaonekana vizuri sana. Ya saa kumi na moja itaonyesha kitambaa cheupe hadi filimbi ya mwisho.

Jihadhari na lumeni za kwenye boksi. Projekta ndogo za bei ya chee huandikwa lumeni 8,000 au 10,000, na ukizipima kwa kipimo cha ANSI unapata mia chache. Njia rahisi ya kuzijua bila kipimo: inyanyue. Projekta ya kweli ya lumeni 5,000 haibebwi kwa kiganja kimoja kama mkate, na feni yake utaisikia. Muulize mwenye nayo pia taa imetumika saa ngapi. Namba iko kwenye menyu. Taa za kawaida huchoka karibu na saa 4,000, na mng'ao huanza kushuka mapema zaidi ya hapo. Za leza hufika saa 20,000, na kama zipo lipia tofauti hiyo.

Umbali: kwa lenzi ya kawaida yenye uwiano wa 1.5, kitambaa cha mita 4 kinataka projekta iwe mita 6 mbele yake. Maana yake iko katikati ya watu, na kila anayeinuka kwenda kununua rolex (chapati ya mayai) anaweka kivuli cha kichwa chake golini. Kama ukumbi una nafasi nyuma, tumia kitambaa cha kupitisha mwanga na uirushe picha kutoka nyuma. Kumbuka tu kugeuza picha kwenye menyu, la sivyo namba za jezi zitasomeka kinyume. Kichujio cha vumbi kisafishwe kila siku, si kila wiki. Vumbi la murramu hukiziba, joto linapanda, projekta inajizima kipindi cha pili. Na isifungwe bila UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, ya VA 1,500. UPS hiyo haipo kwa ajili ya kuendeleza mechi, ni kwa ajili ya feni: taa ya moto ikinyimwa upepo ghafla, maisha yake yanakatika.

Sasa LED, ambayo ndiyo kazi yenyewe.

Skrini ya kukodi huja katika vipande vya mraba vya sentimita 50 kwa 50. Mafundi huviita kabineti. Kwa mji wa kadiri ya Masindi, ukubwa tunaoupendekeza ni mita 5 kwa 3: kabineti 10 kwa upana na 6 kwenda juu, jumla 60, mita za mraba 15. Picha ya televisheni ina uwiano wa 16 kwa 9, kwa hiyo juu na chini utabaki ukanda mweusi wa sentimita 9 hivi kila upande. Uache. Fundi akivuta picha ijaze skrini yote, wachezaji wanarefuka kama miti ya mikalitusi. Anayetaka uwiano kamili anahitaji mita 8 kwa 4.5, kabineti 144, na hapo uzito, umeme na usafiri vinapanda zaidi ya mara mbili. Kwa Hoima siku ya mechi tunaielewa gharama hiyo. Kwa mji usio na uwanja, hapana.

Namba ya pili ni umbali kati ya nukta na nukta. P4.81 maana yake ni milimita 4.81, na kabineti moja ina nukta 104 kwa 104. Kwa skrini yetu ya mita 5 unapata nukta 1,040 kwa 624. Je, zinatosha? Kamera kuu ya mechi huonyesha kipande cha uwanja cha upana wa mita 55 hivi. Nukta 1,040 zikigawanywa kwa mita hizo, kila mita inapata 19, na mpira wenye kipenyo cha sentimita 22 unapata nukta 4. Unaonekana. Sasa chukua P10, zile mbao za matangazo za vituo vya mafuta, ambazo wakodishaji wengine huzileta kwa kuwa ni za bei nafuu na zinang'aa kweli: mita 5 ni nukta 500, mpira unakuwa nukta 2, na pasi ndefu inakuwa suala la imani. P3.91 ni nzuri zaidi, lakini wa mbele akiwa mita 5 kutoka skrini hataona tofauti ya kulipia. Kanuni ya fundi ni kwamba milimita za nukta ndizo mita za mtazamaji wa kwanza: P4.81, mita 5.

Mng'ao ndio mtego mkubwa. Skrini nyingi zilizopo nchini zilinunuliwa kwa ajili ya makanisa, harusi na kumbi za mikutano. Hizo zina niti 800 hadi 1,000, na migongo yake haina mpira wa kuzuia maji. Kwa nje unataka niti 4,500 au zaidi, na alama ya IP65, ya kukinga vumbi na maji, kwenye uso wa kabineti. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo usimuulize mwenye skrini kama ni ya nje. Mwombe aiwashe kabineti moja juani saa nane mchana, aweke picha ya kijani ya uwanja. Ikififia machoni pako ukiwa mita 10, ni ya ndani. Fungua na mgongo wake uone kama kuna ukanda wa mpira mweusi kuzunguka kila moduli, yaani kila kibao cha nukta kinachounda kabineti. Kama haupo, mvua ya dakika tano inaweza kuimaliza.

Mwelekeo nao huwa unasahaulika, na haugharimu hata shilingi. Skrini ikitazama magharibi, jua la alasiri linaipiga usoni. Ikitazama mashariki, watu ndio wanaopigwa machoni. Kama mechi ni za Juni na Julai, jua huwa kaskazini ya Uganda, kwa hiyo uso wa skrini utazame kusini: jua litakuwa nyuma yake saa nyingi za mchana, na juu ya vichwa adhuhuri. Ukingo wa chini uwe mita 2 kutoka ardhini. Chini ya hapo, safu ya tatu kuendelea itaona visogo.

Kwa skrini ya kimo cha mita 3, wa nyuma kabisa asizidi mita 30. Ukitenga mita 5 za mbele kwa uzio, unabaki na kina cha mita 25, na kwa upana wa mita 25 ni mita za mraba 625. Kwa watu wawili kila mita ya mraba, uwanja huo unabeba 1,250 kwa raha. Wakifika wanne kila mita, goli likiingia watu wa mbele wanasukumwa kwenye uzio. Hapo suluhisho ni kufunga lango tu. Skrini kubwa zaidi haitasaidia. Weka malango mawili pande tofauti, na lisiwepo lolote kati yake lililo upande wa jenereta.

Upepo haumo kwenye hesabu za wengi. Mita za mraba 15 ni tanga. Upepo wa kilomita 54 kwa saa, ule unaotangulia mvua ya alasiri huku Bunyoro, unaisukuma kwa nguvu ya kilo 250 hivi, na nguvu hiyo inakaa mita 3.5 juu ya ardhi. Kama miguu ya nyuma ya fremu imetoka mita 2, unahitaji uzito wa kilo 440 hivi ili tu isianguke, na kwa usalama weka tani 1 au zaidi. Majeriken 20 ya maji ni kilo 400: hayatoshi, ingawa ndiyo tunayoyaona mara nyingi. Matangi mawili ya plastiki ya lita 1,000, yale ya mraba yenye kizimba cha chuma, yakijazwa na kufungwa kwenye miguu ya nyuma, yanamaliza hesabu. Skrini ya kukaa juu ya lori huondoa tatizo hili karibu lote, na kwa mji wenye upepo tungelipia lori kabla ya kulipia nukta ndogo.

Ndani ya skrini yenyewe, mistari miwili inabeba kila kitu: ya umeme na ya data. Data hutoka kwenye prosesa, kile kifaa kinachoilisha skrini picha, na kupita kabineti hadi kabineti. Moja ikifa katikati, zote zilizo mbele yake kwenye mstari zinazimika, na watu wanaona nusu ya uwanja. Dawa yake ni kurudisha waya wa mwisho wa mstari kwenye tundu la pili la prosesa, ili data iingie kutoka upande wa pili. Tundu moja la prosesa hubeba nukta 650,000. Skrini yetu ina 648,960, kwa hiyo kinadharia tundu moja linatosha. Kiutendaji gawanya kwa matundu mawili, usikae ukingoni. Waya wa Cat5e usizidi mita 100.

Dai kabineti 2 za akiba na moduli zisizopungua 12, na ziwe za toleo moja la kiwandani na skrini. Moduli za toleo jingine zina rangi yake, na nyasi zitakuwa na viraka kama shati la fundi wa baiskeli.

Umeme. Skrini ya LED ya nje inakula hadi wati 800 kwa mita ya mraba picha ikiwa nyeupe yote, na kama theluthi yake kwa picha ya kawaida ya mpira. Panga kwa kiwango cha juu: kilowati 12. Ongeza sauti kilowati 3 na taa kilowati 1, inafika 16, yaani kVA 20. Kodisha jenereta ya kVA 30, kwa sababu vifaa 60 vikiwashwa kwa pamoja humeza mkupuo wa umeme ambao jenereta ndogo itautapika. Iwe ya awamu tatu. Kilowati 12 kwenye awamu moja ni ampea 52, lakini ukizigawa kwa tatu ni ampea 17 kila waya, na hakuna kitakachochemka. Katika nusu ya mzigo jenereta hiyo hunywa lita 4 hadi 5 za dizeli kwa saa. Siku ya mechi tatu ni saa 7 hivi, kwa hiyo uwe na lita 40 na usimwamini mtu anayesema tangi limejaa, chovya kijiti. Fort Portal na Kabale ongeza kiasi: kwenye mwinuko wa Kabale, karibu mita 2,000, injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza sehemu ya kumi ya nguvu yake au zaidi.

Wengi huanza na umeme wa laini ili kuokoa mafuta, na jenereta inakaa kusubiri. Tunashauri kinyume chake kwa saa za mechi. Umeme wa laini wa UEDCL ukikatika, jenereta inachukua sekunde kadhaa kuwaka, kisha prosesa inaanza upya, kisha dikoda, na dikoda peke yake huweza kumaliza dakika mbili. Goli halisubiri. Endesha kila kitu kwa jenereta tangu nusu saa kabla ya mechi, laini ndiyo iwe akiba. Na vyovyote iwavyo, dikoda, prosesa na mikisa ya sauti vikae kwenye UPS. Zikizimika kabineti tu, picha inarudi mara umeme urudipo.

Swichi ya kukinga watu na shoti, ile ya miliampea 30, huwatesa mafundi wasioielewa. Kila kabineti huvujisha umeme kidogo sana kwenda ardhini, na ndiyo kawaida ya vifaa vyake. Kabineti 60 zikikusanyika, mvujo unafika kiwango cha swichi na inakata bila hitilafu yoyote. Fundi mvivu anaitoa swichi. Usimruhusu, hasa nyasi zikiwa na maji. Gawa kabineti 12 kwa kila mstari wa ampea 16, mistari mitano, kila mmoja na swichi yake. Fimbo ya ardhi izame mita 1.2 na zaidi, na kama ni kiangazi mwaga maji pale ilipozama.

Mawimbi. Dishi la sentimita 60 linatosha nyumbani siku ya jua. Mvua kubwa ikija, picha inaganda, maana mawimbi ya setilaiti za bendi ya Ku humezwa na matone. Dishi la sentimita 90 linaongeza desibeli 3.5, na mara nyingi hiyo ndiyo tofauti kati ya picha na ujumbe wa kukosa mawimbi. Kama mechi ipo pia kwenye chaneli ya bure ya antena, weka antena na dikoda ya pili tayari. Intaneti iwe kimbilio la mwisho: huchelewa nusu dakika au zaidi, na kibanda cha jirani kitawashangilia watu wako goli kabla hawajaliona.

Waya wa HDMI wa mita 20 huonyesha picha wakati wa majaribio na kuikataa jioni. Zaidi ya mita 10 tumia SDI, waya wa picha wa masafa marefu, au vipitishio vya HDMI juu ya Cat6. Skrini ikibaki nyeusi ilhali dikoda inaonyesha vizuri kwenye runinga ndogo, usibomoe waya. Karibu kila mara prosesa haikubali HDCP, kinga ya kuzuia kunakili picha, inayotoka kwenye dikoda. Hilo ligunduliwe siku mbili kabla, kwa dikoda ileile itakayotumika. Na kifurushi cha nyumbani si cha hadhara. DStv ina vifurushi vya biashara, na uwanja wa watu elfu unahitaji idhini ya maandishi ya mwenye haki za matangazo. Usiweke nembo ya AFCON wala ya wadhamini kwenye bango lako bila ruhusa. Ni njia ya haraka ya kutembelewa na mwanasheria.

Sauti ni rahisi kuliko inavyofanywa. Kwa kina cha mita 30, spika mbili za inchi 15 kila upande, zimeinuliwa mita 2.5, zinatosha. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wa nyuma husikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na hilo halimkeri mtu. Ukipita mita 40 ndipo unapohitaji spika za katikati zilizocheleweshwa. DJ wa mji atataka besi. Mnyime. Besi humeza maneno ya mtangazaji. Shusha chini ya hezi 120, nyanyua kidogo kati ya 2,000 na 4,000. Mngurumo wa chini usioisha unatokana na dikoda na mikisa kuchukua umeme sehemu tofauti: vitoe kwenye soketi moja. Arua, Bweyale, na kambi ya wakimbizi ya Kyangwali ambako Wakongo ni wengi, Kiswahili ndicho kinachowakusanya watu, kwa hiyo kama chaneli ina sauti ya Kiswahili, ichague kwenye menyu kabla watu hawajafika. Kuitafuta katikati ya mechi huleta zogo.

Kuhusu kukodi. Wenye skrini za nje wengi wako Kampala, na Hoima ni kilomita 200 kupitia Busunju na Kiboga. Kabineti 60 zina uzito wa kilo 450 hadi 480, na pamoja na maboksi, fremu na waya mzigo unazidi tani. Canter moja ya tani 3 inabeba. Bei hutajwa kwa mita ya mraba kwa siku, na hapo ndipo mji hudanganyika, kwa kuwa siku ya kufunga, siku ya kufungua, mlinzi wa usiku, malazi ya mafundi, dizeli na usafiri mara nyingi havimo. Andika vyote kwenye mkataba. Kwa mashindano ya wiki nne usilipe bei ya siku. Omba bei ya kipindi, na kwa siku zisizo na mechi skrini ibaki imefunikwa palepale. Ibainishwe fundi mmoja atabaki na skrini mwanzo hadi mwisho. Skrini nzuri iliyoachwa na kijana wa kuwasha na kuzima tu tunaipa alama chini ya projekta yenye mwenyewe.

Malipo ya mwisho yatolewe baada ya jaribio la saa mbili mfululizo mchana, spika zikiwa juu, jenereta ikibeba mzigo wote. Hitilafu za joto hazijitokezi kwenye dakika kumi.

Wakati wa kufungua, skrini iliyolowa isirudi kwenye maboksi. Iwashwe picha nyeupe kwa mng'ao wa robo kwa dakika 30, joto lake likaushe unyevu, kisha soketi zifutwe kwa kitambaa kikavu. Ikifungwa na maji usiku mmoja, kutu ya kijani huanza kwenye pini za data, na kabineti za kwanza kuzimika kwenye mechi inayofuata zitakuwa za safu ya chini, ambako maji yalituama.